Unga wa Wifi

Krismasi huku kwetu Igurwa inanukia ngano. Mwaka mzima tunakula ndizi kwa maharage, ugali wa muhogo, viazi vitamu na uji wa ulezi, na ngano hatuipandi kabisa. Lakini ikishaingia wiki ya mwisho ya Desemba, hakuna nyumba isiyotafuta unga wa ngano, hata kwa kukopa. Kuna chapati za mkesha, kuna maandazi ya asubuhi, kuna keki ya kukatwa mchana mbele ya wazee. Ndugu wanaotoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wanashuka Omurushaka au Kayanga na mabegi yao, na ndani ya mabegi hayo hamkosi unga.

Basi mdogo wangu alipopiga simu mwanzoni mwa Novemba kusema anakuja kula Krismasi nyumbani na mkewe, na kwamba mkewe hali ngano, Mama aliomba simu aongee mwenyewe.

"Hali kwa sababu haipendi?"

"Inamuumiza, Mama. Daktari kamkataza maisha."

"Maisha?"

"Maisha, Mama."

Wifi yangu ni Msukuma wa Sengerema, muuguzi, na kwa sasa wanaishi Denmark. Ndoa walifungia huko, sisi tukamjua kwa picha na kwa simu. Kwa muda mrefu alikuwa mtu wa kupungukiwa damu. Anapewa vidonge vya madini ya chuma, anapata nafuu, kisha anarudi palepale. Tumbo linajaa, anaharisha, anakonda. Ilichukua miaka mpaka daktari mmoja akaagiza kipimo maalumu cha damu, halafu kikachukuliwa kipande kidogo cha utumbo mwembamba na kutazamwa kwa hadubini. Jibu likawa siliaki, ugonjwa unaochochewa na gluteni. Gluteni ni ile protini ya ngano inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika, na nyingine za jamii yake zimo kwenye shayiri na rai. Kwa mwenye siliaki, protini hizo huichokoza kinga ya mwili, nayo ikageuka kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Vijinywele vidogo vinavyofyonza chakula vinalala na kuisha, na mtu anadhoofika kwa njaa huku anakula. Dawa iliyopo ni kuviacha vyakula hivyo kabisa. Akiviacha, utumbo unajijenga upya.

Alipoelezwa hayo, wasiwasi ulimtoka Mama. "Nyumba hii ina migomba kila upande," alisema. "Atakula."

Mimi nilikuwa nawaza keki. Katika familia yetu, mkwe anayekuja Krismasi yake ya kwanza hukata keki pamoja na mama mkwe, wakalishana mbele ya ukoo, ndipo watoto wakapanga foleni. Mdogo wangu alikuwa amenidokeza kwamba kwenye sherehe za watu wifi hukaa mikono mapajani wakati wenzake wanakula, anatabasamu mpaka mashavu yanamchoka, halafu akifika kwake anapasha wali wa jana. Nilimweleza Mama. Akasema jambo hilo halitatokea kwake. Keki itakuwa moja, ya watu wote, na ngano haitaingia humo.

Baba mdogo, aliyefundisha historia mpaka akastaafu, alipopata habari alifurahi kuliko sisi sote. Alitukumbusha Krismasi ya 1861, wakati wasafiri Speke na Grant walipokuwa wageni wa mtawala wa hapa Karagwe, Omukama Rumanyika. Omukama aliambiwa na mmoja wa watu wa msafara kwamba Waingereza wakiadhimisha siku hiyo hula nyama ya ng'ombe, naye akawapelekea ng'ombe. Imo katika kitabu cha safari cha Speke mwenyewe. "Rumanyika hakuwa Mkristo," Baba mdogo alisema, "lakini alijali mgeni wake anakula nini siku yake. Sisi tutashindwaje, na huyu ni mtoto wetu?"

Wifi mwenyewe alipiga simu kutuomba tusijisumbue, kwamba ndizi zitamtosha. Na ndizi ndizo zilizomfanya atusimulie mambo ambayo Mama hajaacha kuyarudia mpaka leo. Zamani madaktari waliujua ugonjwa huu bila kujua chanzo chake, na watoto wengi walikufa. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alichapisha habari za wagonjwa aliowatibu kwa ndizi. Aliwakataza mkate, biskuti, viazi na nafaka, akawalisha ndizi mbivu kwa wingi kila siku. Alikuwa amevutwa na habari za Puerto Rico, ambako watu wa mjini waliokula mkate waliugua ugonjwa wa tumbo unaofanana na huu, na wakulima walioishi kwa ndizi hawakuugua. Watoto wake wakanenepa. Haas akaamini kwamba ndizi ndiyo iliyowaponya, kumbe kilichowaponya ni kuondolewa mkate. Aliyefika kwenye mzizi wa jambo ni Mholanzi, Willem Dicke. Alikwisha kuishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipokosekana Uholanzi, ikampa ushahidi: watoto wake wagonjwa walipata nafuu wakati nchi nzima inadhoofika, na mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake juu ya hilo.

Mama alichukua neno moja tu katika maelezo yote hayo. "Ndizi!" alisema, akampigia simu shangazi, akawapigia na dada zake. Kesho yake aliamua kwamba keki ya mkwewe itaokwa kwa unga wa ndizi.

Unga wa ndizi ni kitu cha kweli, wazee wetu waliusaga. Unamenya ndizi mbichi za kupika, unazikata vipande vyembamba, unazianika mpaka ziwe makopa makavu yanayovunjika mkononi, ndipo unasaga. Lakini hiyo ni kazi ya kiangazi, ya Juni mpaka Agosti, na sisi tulikuwa katikati ya mvua za Novemba. Asubuhi jua lilitoka, tukatandaza vipande kwenye jamvi. Saa nane wingu likatokea upande wa Rwanda, tukakimbia navyo ndani. Kesho yake hivyo hivyo. Mama akavipandisha kwenye dari la jiko la kuni vikaushwe na moshi. Nje vilikauka, ndani vikabaki na unyevu, na baada ya siku chache ukungu wa kijani ukavitanda kuanzia kwenye kingo. Mama alikibonyeza kimoja kwa kidole gumba, akakinusa, akabeba ungo mzima akaumwaga kwenye mashina ya migomba bila kusema neno. Mikungu ile ilikuwa ya kuuza. Ilimuuma.

Tukahamia kwenye muhogo na mtama. Muhogo tulikuwa nao, umekwisha kuwa makopa tangu Agosti. Mtama upo, maana kila nyumba yenye kutengeneza rubisi inaweka mtama. Nikamwambia wifi kwa simu kwamba kesho napeleka mashineni, akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wifi, hiyo mashine inasaga nini kingine?"

Nilikwenda kuuliza. Kijana wa mashine ni muungwana, alinijibu kila kitu: anasaga mahindi, muhogo, mtama, ulezi, na unga wa lishe. Huo unga wa lishe, ambao akina mama wenye watoto wachanga wanauleta kwa wingi, ni mchanganyiko wa mahindi, mchele, soya, karanga, ulezi, na mara nyingi ngano. Alinionyesha mfuko wa kitambaa unaotolea unga mdomoni mwa mashine. Aliukunja kwa nje, nikaona kwenye mishono unga wa rangi tofauti umeganda tabaka juu ya tabaka, mweupe, wa kahawia, wa kijivu. Aliugonga kwa kiganja ukadondoka mwingine. Kila anayesaga pale anaondoka na kidogo cha aliyemtangulia, na hajali, kwa sababu hana haja ya kujali.

Kidogo hicho ndicho kinachomwangusha wifi. Tume ya Codex, iliyo chini ya mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, imeweka kwamba chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Gramu 1 ya unga wa ngano ina karibu miligramu 80 hadi 100. Piga hesabu mwenyewe: gramu hiyo moja ikichanganyika na kilo nzima ya unga wako safi, umeshapita kipimo mara nne au tano.

Dukani nako nilitazama kwa macho mapya. Kiroba cha ngano na kiroba cha muhogo vimefunguliwa mdomo pamoja, na kopo la kupimia ni moja, linalazwa juu ya ngano na kuchota muhogo. Nimenunua hapo maisha yangu yote bila kuliona hilo.

Mama akasema, "Turudi kwenye jiwe."

Jiwe la kusagia la marehemu bibi lilikuwa nyuma ya jiko, limezama nusu kwenye udongo, kuku wanasimama juu yake. Tulilifukua, tukalisugua kwa maji ya moto na majivu, tukalisuuza, tukalianika. Kisha Mama akalichonga upya kwa jiwe dogo gumu, akigonga taratibu kuanzia juu kushuka chini mpaka uso mzima ukapata chembechembe za kukamata nafaka. Alipiga magoti, akamwaga konzi la mtama, akaanza kusukuma. Mikono yake iliikumbuka kazi. Wajukuu walimzunguka, wengine hawajawahi kuona unga unatoka mahali pasipo na injini. Kila mmoja alidai zamu, na kila mmoja alichoka kabla unga haujajaa kikombe. Muhogo tuliutwanga kwenye kinu, ambacho hakijawahi kuguswa na ngano tangu kichongwe. Chekeche la zamani lilikuwa limechekecha ngano za sikukuu zote, kwa hiyo nilinunua jipya Omurushaka, Mama akalifunga uzi mwekundu, akatangaza kwamba atakayelishika bila ruhusa atakutana naye.

Mdogo wangu alikuwa ametuma hela ya oveni ndogo ya umeme, tukaipata Kayanga, na majaribio yakaanza. Keki ya muhogo peke yake ilitoka nzuri ya kutazama, imepata rangi, lakini kisu kilizama katikati na kurudi na uji mzito unaonata. Wanga wa muhogo hunywa maji na kuvimba, na joto likishaisha unaganda hivyo hivyo. Ya mtama peke yake iliumuka, ikapasuka juu vizuri, na ilipoguswa na kisu ikamomonyoka yote. Watoto waliila kwa vijiko. Katika unga wa ngano gluteni hufanya kazi ya wavu, inaikamata hewa ya hamira isitoroke mpaka moto uikaushe. Ukiuondoa wavu huo lazima utafute kingine cha kushikilia. Tukautafuta. Mtama sehemu mbili kwa muhogo sehemu moja, kwa sababu muhogo unanata na mtama unakauka, vikikutana vinasaidiana. Mayai mengi, yapigwe mpaka povu lisimame. Ndizi za kisukari zilizoiva mpaka maganda yakawa meusi, zipondwe. Karanga za kukaanga zilizotwangwa, mafuta, na bekin pauda ambayo paketi yake tulisoma maandishi yote, hata yale madogo ya pembeni, kuhakikisha wanga uliomo ni wa mahindi. Na ule mchanganyiko uachwe utulie kabla ya kuoka, mtama upate kulainika. Hiyo ilikatika vipande. Mama alikula chake chote amesimama, kisha akaomba kingine akakaa.

Tulipokuwa kwenye hayo, mwalimu mwenzangu mzaliwa wa Tanga alikuja kuazima daftari, akakuta meza imejaa unga. Aliposikia habari alishangaa tunavyohangaika. Kwao pwani, alisema, mezani asubuhi ya Idi kuna vitumbua na mkate wa kumimina, na vyote viwili ni vya mchele tangu enzi za mabibi. Alinifundisha mkate wa kumimina siku hiyo hiyo. Mchele unaroweka usiku kucha, unasaga laini pamoja na tui zito, unatia sukari, hiliki na hamira, unafunika mpaka uumuke na kutoa vipovu. Mwishoni unaongeza mayai, unamimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto, na chini ukishashika unapalia makaa juu ya mfuniko ili uso nao uive. Nazi zinafika kwetu kwa lori na bei yake ni ya lori, lakini nilizinunua. Tulikubaliana mkate huo utakuwa wa chai ya asubuhi, keki itakuwa ya mchana.

Wifi alifika tarehe 23. Alimpigia Mama magoti kwenye mlango wa uani, wakashikana mikono muda mrefu, na Mama alimpeleka moja kwa moja kuona jiwe.

Mkesha wa Krismasi tulijipanga vizuri. Chapati zinasukumwa jikoni, na penye kusukuma chapati unga unaruka hewani, unakaa kwenye kila kitu. Kwa hiyo vyombo vya wifi tulivihamishia kwenye banda la kahawa: sufuria mpya, mwiko mpya, bakuli, chekeche lenye uzi mwekundu. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 7, akawekwa mlangoni kuwa mlinzi. Alasiri mchanganyiko wa keki ulikuwa tayari, umefunikwa, unatulia. Mchele wa mkate wa kumimina nao ulikuwa umekwisha kusagwa, unaumuka kwenye ndoo. Ndipo umeme ukakatika, na mvua ikaanza.

Oveni haikuwa na maana tena. Nilitoka kutafuta makaa makavu kwa jirani ili niioke keki kwa kupalia, na niliporudi nimejitanda kipande cha turubai, nilimkuta mlinzi wangu amesimama kwenye mvua, machozi yanamlengalenga.

"Bibi kaongeza unga wa chapati."

Shangazi alikuwa ndani ya banda, kanga yake nyeupe kwa unga mpaka kiunoni, mwiko mpya mkononi. Alikuwa amepita kuona kazi inaendaje, akafunua bakuli, akakuta mchanganyiko mwepesi. Kwa miaka yake yote amewaokolea watu maandazi na keki zilizowashinda, na alifanya anachojua kufanya: alirudi jikoni akaleta konzi mbili za ngano.

"Nilikuta maji matupu, waitu," aliniambia. "Mlitaka mgeni ale uji siku ya Krismasi? Nimetia kidogo tu ushikane."

"Shangazi, haruhusiwi hata kidogo."

"Ah! Huo ni ugonjwa wa Wazungu. Huyu ni Msukuma. Kidogo hakimuui mtu."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi tangu Novemba, kutoka kwa watu wema kabisa, na kila nikiisikia moyo unaniuma. Wanaosema hivyo wanampenda mgeni. Wanaona kumnyima utamu ni kumnyanyapaa. Lakini mgonjwa akishaambiwa hivyo ana njia mbili tu, ale aumie, au akatae aonekane ana maringo, na yote mawili anayabeba peke yake.

Sijui wifi alikuwa amesimama mlangoni tangu saa ngapi. Aliingia, akapiga magoti mbele ya shangazi palepale kwenye sakafu ya udongo, akamshika mikono yote miwili. Alimwambia kwamba yeye pia aliamini ni ugonjwa wa Wazungu, tena akiwa muuguzi, na ndiyo sababu alichelewa kupima. Akamweleza kwamba mwaka 1999 madaktari walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Saharawi, Waafrika wa jangwani wanaoishi kambini Algeria na kula mikate ya ngano kila siku, wakakuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao ugonjwa huu, idadi kubwa kuliko iliyokuwa imeonekana Ulaya.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. "Na ungeila hii keki kesho, ingekuwaje?"

"Ningeharisha usiku kucha, shangazi. Kichwa kingeniuma siku kadhaa, na tumbo lingechukua wiki nyingi kurudi sawa. Ila nisingewaambia. Ningewashukuru."

"Mawe!" shangazi alimaka kwa lugha ya nyumbani. Akainuka. Alivua ile kanga akaikung'utia nje, kwenye mvua, mbali na mlango. Akaomba maji na sabuni, akanawa mpaka kwenye viwiko, akarudia. Halafu akauliza mayai yamebaki mangapi. Hayakubaki. Yote yalikuwa ndani ya bakuli lile, pamoja na kisukari za mwisho.

Alichukua tochi ya mdogo wangu na kikapu, akajitupia lile turubai langu, akaingia gizani. Ana zaidi ya miaka 70. Tulimtuma kijana amfuate, na kijana ndiye aliyetusimulia alivyokuwa akigonga nyumba hadi nyumba huku watu wakijiandaa kwenda kwenye ibada ya usiku, akiwaambia hana salamu ya kusema, anataka mayai, na atalipa kwa senene. Alikuwa na akiba ya senene za Novemba alizozikaanga na kuziweka kwa ajili ya sikukuu, na alizigawa zote. Alirudi na kikapu kimejaa, matope mpaka magotini, hakuna yai lililovunjika.

Keki yenye ngano tuliioka, maana chakula hakimwagwi, ikawa ya watoto wa majirani. Ule mkate wa kumimina, uliokuwa wa chai, ukapandishwa cheo. Alfajiri tuliwasha makaa bandani. Yalikuwa na unyevu, yakafuka, yakawaka upande mmoja kuliko mwingine. Nilimimina, nikasikia ule mlio wa mafuta, nikasubiri matundu yatokeze juu, moja moja pembeni kisha katikati. Shangazi alipanga makaa juu ya mfuniko kwa koleo, akiyasogeza kadiri moto ulivyolegea, na hakuruhusu mtu mwingine asogee. Tulipougeuza kwenye sinia, chini upande mmoja ulikuwa umeungua mweusi, na katikati ulikuwa umebonyea. Lakini ulikuwa umeshikana, unanukia hiliki na nazi mpaka barabarani.

Mchana, baada ya pilau, ndizi na mbuzi, Mama na mkwewe walikata. Kisu kilikwenda sawa. Mama alimlisha kwanza kipande cha pembeni, kile chenye ukoko, na wifi alitafuna akafumba macho, kisha akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mama, nataka kingine." Watu wakapiga vigelegele. Baba mdogo alisimama na chapati mkononi akanyoosha mkono kwenye sinia, na shangazi, aliyekuwa ameketi kando ya sinia hilo tangu mwanzo, alimpiga kofi la kiganja lililosikika uani kote. "Nawa kwanza!" Akanawa. Kila mtu alinawa, na mpaka sinia linakwisha hakuna aliyechota bila shangazi kumkagua vidole.

Kreti za bia zilipofunguliwa, wifi alikataa, kwa sababu bia nyingi hutengenezwa kwa shayiri. Mama akamletea rubisi: ndizi za pombe zilizokamuliwa, maji, na mtama uliokaangwa na kusagwa kwenye jiwe lile lile. Alikunywa kibuyu akaomba na mrija.

Wanarudi Julai. Safari hii itakuwa kiangazi, na Mama ameshafunga vitambaa kwenye migomba ambayo anataka ndizi zake zimenywe wiki ya kwanza ya Juni. Kijana wa mashine amesema anaweza kufua mfuko wake wa kitambaa na kutupitisha sisi wa kwanza asubuhi, lakini Mama na shangazi wamekataa. Unga utatoka kwenye jiwe. Wanachobishania sasa ni nani atashika chekeche, na shangazi ameshanunua uzi wake mwekundu.